Ukiwa na Corona, mtoto alale na nani?

Aprili 2020, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mama mwenye Corona atenganishwe kwa muda na mtoto wake mchanga. Ugonjwa ulikuwa mgeni, hofu ilieleweka. Julai mwaka huohuo kikabadili ushauri: walale chumba kimoja. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa tayari likishauri hivyo.

Kwa maoni yangu, madhara ya kuwatenga hayakupewa uzito wa kutosha. Mtoto njiti hupoteza joto haraka. Akibebwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ile njia ya kangaruu, hupata joto na hunyonya vizuri. Nayo matiti yasiponyonywa siku za mwanzo, maziwa hupungua.

Kwa hiyo, mama mjamzito, ukiugua karibu na kujifungua, muulize mkunga mapema: nitalala na mwanangu? Nitamnyonyesha? Kwa Corona jibu ni ndiyo (Ebola ni habari nyingine kabisa). Vaa barakoa, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika. Ukizidiwa, kamua maziwa, anyweshwe kwa kikombe safi. Kikombe ni rahisi kusafisha kuliko chupa.