Kufungua Krenki ya Baiskeli: Vyombo Vinavyofaa na Namna ya Kuvitumia

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, njia zote ziendazo kwenye maghala ya vyama vya msingi huonekana zimejaa baiskeli. Mkulima wa Kishapu au wa Kahama hufunga mzigo wake juu ya keria, akapanda pale njia inapokuwa tambarare, na penye mchanga akashuka na kusukuma. Mzigo huo ukishapimwa, baiskeli ile ile hubeba madumu ya maji, mahindi ya kusaga, na pengine mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Upande wa Geita na Mbogwe hubeba viroba vya mawe kutoka mashimo ya wachimbaji wadogo hadi kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu. Baiskeli ikilala, kazi zote hizo hulala pamoja nayo.

Tairi huzibwa na fremu huchomelewa. Kila kijiji kina mtu ajuaye mambo hayo. Krenki ndiyo inayowashinda wengi, wala si kwa sababu ni chombo kigumu kueleweka. Kisa chenyewe ni kwamba hufunguliwa kwa nyundo, tindo na jiwe.

Krenki ni ile mikono miwili ya chuma inayoshika pedeli, pamoja na ekseli ipitayo katikati ya fremu, vikombe viwili vinavyoibeba ekseli hiyo, na gololi zinazozunguka ndani ya vikombe. Dalili ya ubovu hujulikana upesi: mguu ukisukuma pedeli husikika mgongano mmoja katika kila mzunguko, na mkono mmoja hucheza kabla ya kuanza kuvuta. Mara nyingi kilicholegea ni pini moja tu, yenye bei ndogo kuliko sehemu nyingine zote. Mwenye baiskeli akiipiga ovyo, pini hupinda ndani ya tundu lake na haitoki tena, ekseli huchubuka, na vikombe huharibika. Hapo aliyehitaji pini moja hulazimika kununua krenki nzima, tena katikati ya msimu, wakati fedha ya pamba haijalipwa.

Kabla ya kuchukua spana yafaa kutambua krenki ni ya aina gani. Baiskeli nzito za mizigo, kama vile Raleigh za zamani, Phoenix za China na Hero za India, nyingi zina mikono iliyofungwa kwa kotapini, yaani pini nene yenye ubavu mmoja uliochongwa mshazari, ambayo hupita katika mkono na kuibana ekseli. Pini hiyo huonekana kwa nje: upande mmoja kichwa cha mviringo, upande wa pili nati ndogo. Baiskeli za gia zilizoingia baadaye hazina pini. Ncha ya ekseli yake ni ya pembe nne, na mkono umekazwa kwa bolti iliyofichwa chini ya kifuniko cha plastiki. Aina hizi mbili hazifunguliwi kwa vyombo vya namna moja.

Kwa krenki ya kotapini, kazi huanza jioni ya siku iliyotangulia. Pini hutiwa matone ya dizeli, au mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, pande zote mbili, na kuachwa hadi asubuhi. Kutu ya mwaka mzima haiwezi kulegea kwa dakika tano. Asubuhi nati hulegezwa kwa spana inayoikaa barabara, si kwa koleo, na kurudishwa mpaka iwe sawa na ncha ya pini, ili pigo likija liangukie nati na pini kwa pamoja na hesi zisipondwe.

Kinachofuata ndicho ambacho mafundi wengi wa barabarani hukiruka. Mkono wa krenki usipoegemezwa, nguvu ya nyundo haiishii kwenye pini. Hupita katika mkono, ikaingia katika ekseli, kisha ikazipiga gololi dhidi ya vikombe. Gololi ni chuma kigumu mno. Kila pigo huacha alama ndogo katika kikombe, na tangu siku hiyo krenki huzunguka kwa kukwaruza hata ikitiwa grisi mpya. Mwenye baiskeli hulaumu ubovu wa vikombe, kumbe aliviharibu mwenyewe.

Dawa yake ni kipande cha bomba la maji la nusu inchi. Mkono hulazwa usawa wa ardhi, nati ikitazama juu. Bomba husimamishwa chini ya mkono huo, kichwa cha pini kikiwa ndani ya tundu la bomba na kingo za bomba zikiugusa mkono wenyewe. Urefu wa bomba uzidi kidogo tu nafasi iliyopo kati ya ardhi na mkono, ili uzito wa baiskeli uegemee juu yake, na chini yake liwekwe jiwe bapa au ubao mgumu. Mtu mmoja ashike baiskeli isiyumbe. Mwingine apige mara moja kwa nyundo nzito, kwa pigo lililonyooka. Pigo moja zito hufaa kuliko vipigo ishirini vya nyundo ndogo, kwa kuwa vipigo vidogo hupondaponda ncha ya pini mpaka ikavimba na kukataa kupita.

Kilicho bora zaidi ni jiliwa ndogo ya mkono iliyoundwa kwa kazi hii: upande mmoja ina kipande cha bomba cha kupokea kichwa cha pini, upande wa pili skrubu nene ya kuisukuma. Haipigi, hukamua tu. Fundi wa kuchomelea mwenye chuma kizuri aweza kuiunda, na ofisi za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, ni mahali pafaapo pa kuulizia fundi wa namna hiyo. Chuma chembamba kisitumiwe, maana fremu ya jiliwa hufunguka kabla pini haijasogea.

Pini iliyokwisha kupinda haina budi kutobolewa kwa kekee. Ncha yake hukatwa kwa msumeno, hupigwa alama katikati, kisha hutobolewa kwa keekee nyembamba kwanza na nene baadaye, mpaka ganda lililobaki lilegee. Kazi hii hupoteza nusu siku.

Pini mpya ichaguliwe kwa kipimo. Zile za baiskeli za mtindo wa Kiingereza kwa kawaida zina unene wa milimita 9.5, lakini madukani huuzwa pia za milimita 9, nazo hufanana mno kwa macho. Pini nyembamba huingia kwa urahisi, ikamfurahisha mnunuzi, halafu hulegea kabla hajafika nyumbani. Pini mbili za baiskeli moja hutazamana kinyume: mkono wa kulia ukielekezwa mbele na nati yake ikawa juu, basi mkono wa kushoto ulioko nyuma lazima nati yake iwe chini. Zikiwekwa upande mmoja, mikono haitakaa katika mstari mmoja na mwendeshaji atachechemea juu ya baiskeli. Pini hupigwa kwanza mpaka ikae, bomba likiwa mahali pake, ndipo nati ikazwe. Nati haikuwekwa ili kuivuta pini, bali kuizuia isirudi. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, pini ipigwe tena kidogo na nati ikazwe upya.

Mikono ikishatoka, vikombe hufunguliwa kutoka upande wa kushoto, ambako kuna pete ya kukazia yenye meno. Pete hiyo ina spana yake ya ndoano; tindo huvunja meno yake. Kikombe cha kulia, upande wa mnyororo, hufunguka kinyume katika baiskeli za mtindo wa Kiingereza, yaani kwa kuzungushwa kufuata mwendo wa saa, na wengi wamekikaza zaidi wakidhani wanakifungua. Afadhali kiachwe mahali pake na kusafishwa humo humo. Gololi zisizo na kizuizi huwa 11 kila upande, za robo inchi. Kazi hii ifanyiwe juu ya ungo au nguo iliyotandikwa, kwani gololi iliyoanguka katika udongo mweusi wa mbuga haionekani tena. Udongo huo, na vumbi la mawe la machimboni, ndiyo adui wa gololi. Baiskeli iliyopita katika mafuriko ya masika huhitaji grisi mpya bila kungoja ilie.

Krenki ya pembe nne haihitaji nyundo hata kidogo. Kifuniko huondolewa, bolti hufunguliwa kwa spana ya boksi, mara nyingi ya milimita 14, na wosha iliyo nyuma ya bolti itolewe pia. Kisha pula ya krenki, ambayo hesi zake ni za milimita 22, huzungushwa kwa mkono hadi mwisho kabla ya kukazwa kwa spana. Ikikazwa ingali imeingia nusu, au wosha ikisahauliwa ndani, hesi za mkono hung'oka zote na pula haina pa kushika tena.

Kuhusu pedeli, ile ya kushoto ina hesi za kinyume. Kanuni rahisi ni hii: spana ikiwa imesimama juu ya pedeli, ivutwe kuelekea gurudumu la nyuma, nayo pedeli ya upande wowote itafunguka.

Vyombo hivi si vya kila mwanachama kujinunulia. Chama cha msingi chaweza kuweka sanduku moja ghalani: nyundo nzito, kipande cha bomba, jiliwa ya pini, spana ya ndoano, spana nyembamba ya milimita 15 ya pedeli, pula ya krenki, na kopo la grisi. Katibu aombe idhini ya matumizi hayo katika mkutano wa chama, aviandike vyombo katika daftari la mali, na kila anayeazima atie sahihi ya kuchukua na ya kurudisha. Pula ichunguzwe hesi zake inaporudishwa, mwazimaji akiwa bado yupo. Kotapini za milimita 9.5 zinunuliwe kwa dazeni na kuuzwa kwa wanachama kwa bei ya ununuzi, nazo ziwe zimekwisha kufika ghalani kabla ya mizani kufunguliwa.