Gimbi la Hawaii nasi wa ughaibuni

Mwanafunzi wa Hawaii anayekwenda kusoma California huvuka zaidi ya kilomita 3,800 za bahari. Kwenye bwalo la chuo hukuta mkate na viazi. Kwao alizoea wali, urithi wa vibarua wa mashamba ya miwa kutoka China, Japani na Ufilipino, pamoja na poi, yaani magimbi yaliyopikwa, yakapondwa kwa jiwe na kulainishwa kwa maji.

Poi ikikaa siku chache huchachuka. Mgeni akionja hukunja uso; mwenyeji huomba aongezwe. Kwa mila yao gimbi ni kaka mkubwa wa binadamu, hivyo bakuli la poi likifunuliwa, ugomvi hukoma.

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wenyeji wa asili wa Hawaii wanaishi nje ya visiwa hivyo. Wengi wamehamishwa na ughali wa maisha. Mtoto wao aliyezaliwa Las Vegas atafundishwa na nani kuponda gimbi?

Sisi tuliotolewa makwetu na siasa tunalijua swali hilo. Ndugu msomaji, leo jioni mwite mwanao jikoni, asonge ugali mwenyewe. Ukiungua, kuleni hivyo hivyo.