Urembo wa kurasa waiponza Boo.com

Boo.com, duka la mavazi kwenye intaneti lenye makao London, lilianza kuuza Novemba 1999. Kurasa zake zilipendeza kweli: mteja aliweza kukigeuza kiatu akakitazama pande zote, huku Miss Boo, msichana wa kuchorwa, akimshauri. Kasoro ni kwamba wanunuzi wengi wakati huo walitumia modemu za simu, na picha zilichelewa mno kufunguka. Wenye kompyuta za Macintosh hawakuweza hata kununua. Ofisi na matangazo navyo vilikula fedha. Mei 2000 kampuni iliingia mikononi mwa mfilisi, ikiwa imetumia takriban dola milioni 135 za wawekezaji. Mitambo yake ilinunuliwa na Bright Station kwa pauni 250,000.