Jason Dunford: Mkenya aliyeshika rekodi ya Olimpiki kwa muda mfupi

Msikilizaji wa Juba akisikia Kenya na Olimpiki hufikiri mbio ndefu. Hata hivyo, Agosti 2008 mjini Beijing, Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliogelea mita 100 kwa mtindo wa kipepeo kwa sekunde 51.14 na kuifuta rekodi ya Olimpiki ya Mmarekani Michael Phelps.

Rekodi hiyo haikudumu. Ilikuwa hatua ya mchujo, ambapo waogeleaji huingia majini kwa makundi, na kabla mchujo haujamalizika Milorad Cavic wa Serbia alikuwa ametumia sekunde 50.76. Dunford alisonga mbele na kuwa Mkenya wa kwanza kuogelea katika fainali ya Olimpiki, akamaliza wa tano. Dhahabu ilikwenda kwa Phelps, aliyemtangulia Cavic kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde.

Mwaka 2010 alitwaa dhahabu ya mita 50 za kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi, mbele ya Geoff Huegill wa Australia, na mwaka 2012 akabeba bendera ya Kenya mjini London. Alipostaafu aligeukia muziki kwa jina la Samaki Mkuu, jina ambalo kwa hakika hakuliokota njiani.

Je, mji ulio kando ya Nile hauwezi kutoa muogeleaji wa namna hiyo? Mto humfundisha mtoto kuokoa roho yake, tena si wote wanaobahatika. Mashindano yanadai mengine: maji yaliyotulia, bwawa la mita 50, na ukuta wa kugeukia, kwani anayechelewa kugeuka katika mita 100 hana nafasi ya kufidia. Nairobi ina bwawa la Kasarani, lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Hata hivyo Dunford alikwenda kunolewa zaidi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani.

Sudan Kusini ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza Rio mwaka 2016, ikiwa na wanamichezo watatu, wote wa riadha. Kiatu cha mbio hupatikana sokoni. Bwawa sharti lijengwe, lijazwe maji safi na kutunzwa mwaka mzima.