Mtama, Njahi na Boga la Kuokwa: Chakula cha Miezi ya Baridi

Mkulima, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi na mawingu hapa Thika na Ruiru. Ndiyo pia miezi ambayo mazao ya mvua ndefu huingia nyumbani. Wakati huo wanunuzi huja na malori na mizani, na karo ya shule inangoja kulipwa. Wakulima wengi huuza gunia baada ya gunia mpaka ghala likawa tupu. Halafu, ifikapo Novemba, mkulima yule yule huenda dukani kununua chakula kwa gorogoro, tena kwa bei iliyopanda. Amekilima chakula, amekivuna, na sasa anakinunua mara ya pili.

Shauri letu ni hili: kabla ya kuuza, toa kwanza fungu la nyumbani, likaushe vizuri, ulitunze. Habari hii itakueleza namna ya kufanya hivyo, na namna ya kupika chakula kimoja kizuri kutokana na fungu hilo. Ni mtama na njahi zilizochanganywa na boga la kuokwa na matunda makavu. Watu wa mjini wangekiita saladi. Huko Ulaya na Marekani watu hupika chakula cha namna hii baada ya mavuno yao, Septemba hadi Novemba, wakitumia shayiri au ngano, maboga na zabibu kavu. Sisi tuna vyetu, wala hatuna haja ya kununua vya kigeni.

Wazee wa Kikuyu waliziita mvua zetu kwa majina ya chakula. Mvua ndefu ni mvua ya njahi, na mvua fupi ni mvua ya mwele. Walijua ya kuwa mvua ni chakula kabla haijawa fedha. Wakulima wa Ruiru wanaifahamu sana kahawa, na aina ya Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985 imepandwa katika sehemu nyingi za nchi. Kahawa ni zao zuri la fedha, lakini buni haipikwi sufuriani watoto wakashiba. Mwenye shamba la skimu, au kipande kilichokatwa kutoka shamba la zamani la kahawa au katani, yafaa atenge sehemu ya shamba kwa chakula cha nyumbani.

HATARI YA NAFAKA MBICHI

Kuweka chakula bila kukikausha ni hatari kuliko kukiuza. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki na kati za Kenya, watu 317 walipatikana wakiugua kwa sababu ya kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Watu 125 kati yao walikufa. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui, lakini mahindi ya sokoni yalichunguzwa hata Thika. Sumu hii haionekani kwa macho, wala haitoki kwa kupika. Kwa hiyo kinga yake ni kukausha mapema na vizuri.

Anika nafaka juu ya turubai au mkeka, kamwe usianike juu ya udongo mtupu. Iingize ndani jioni na kila mvua inapotishia. Kisha ipime kwa chumvi, hivi:

1. Chukua chupa ya kioo, safi na kavu kabisa. Tia nafaka mpaka theluthi moja ya chupa.

2. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa robo saa.

3. Chumvi ikishika pembeni mwa chupa, nafaka ni mbichi bado. Isiposhika, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Hata hivyo anika siku moja au mbili zaidi, maana ghala linataka asilimia 13.

Ukiweza, weka fungu la nyumbani katika mifuko isiyopitisha hewa. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitoe na uzitupe. Usiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu huwadhuru hata wao, na yaweza kupita katika maziwa yakanywewa na watoto.

KUTUNZA MABOGA

Boga hupandwa mvua ndefu zinapoanza, katika mashimo yenye samadi ya kutosha, pembeni mwa shamba ambapo litapata nafasi ya kutambaa. Majani machanga ni mboga, lakini usiyachume yote katika mmea mmoja, kwani boga litakosa nguvu.

Vuna boga wakati kikonyo chake kimekauka na ngozi ni ngumu hata ukucha hauwezi kuitoboa. Likate kwa kisu, ukiacha kikonyo cha urefu wa kidole. Usilibebe kwa kikonyo wala usilitupe chini, maana kila jeraha ni mlango wa kuoza. Liache juani siku kumi hivi ili ngozi ikauke, kisha lipange juu ya uchaga pakavu penye hewa, boga moja lisigusane na jingine. Boga lililotunzwa hivi hukaa miezi miwili au mitatu.

MATUNDA: KAUSHA JANUARI, ULE JULAI

Julai jua la Thika ni dhaifu na matunda hayakauki, bali huota ukungu. Kazi hii ifanywe Januari na Februari, wakati jua ni kali na maembe ni mengi hata yanaozea chini ya miti. Nanasi na ndizi mbivu hukaushwa kwa namna ile ile.

Nawa mikono, osha matunda, uyamenye na kuyakata vipande vyembamba, visizidi unene wa penseli. Vichovye katika maji yenye ndimu ili visiwe vyeusi. Vipange juu ya wavu safi ulioinuliwa kutoka chini, na ufunike kwa chandarua kuzuia nzi na vumbi. Kikaushio cha sanduku lililofunikwa kwa nailoni, lenye matundu ya kupitisha hewa, hufanya kazi upesi zaidi. Kikundi cha akina mama chaweza kutengeneza kimoja na kukitumia kwa zamu. Ukitaka kujifunza zaidi, muulize bwana shamba wako, au kituo cha utafiti wa mboga na matunda cha KALRO kilicho karibu na Thika.

Baada ya siku mbili hadi nne vipande hupindika kama ngozi, na ukivifinya havitoi maji. Vitie katika chupa ya kioo yenye kifuniko, uitikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona jasho ndani ya chupa, virudishe juani. Vikiwa vikavu sawasawa, weka chupa mahali pasipo na mwanga wala joto.

NAMNA YA KUPIKA

Kwa watu sita, tayarisha vitu hivi:

Mtama mweupe, vikombe 2.
Njahi, kikombe 1.
Boga lenye nyama ya manjano, kilo 1 na nusu.
Matunda makavu yaliyokatwa vipande vidogo, kikombe 1.
Karanga zilizokaangwa, nusu kikombe.
Vitunguu 2, dania kidogo, ndimu 2, mafuta ya kupikia vijiko 4 vikubwa, na chumvi.

1. Jioni chambua mtama na njahi, uzioshe, uziloweke katika vyombo mbalimbali mpaka asubuhi.

2. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea. Chemsha njahi katika maji mapya mpaka ziwe laini kabisa, kwa muda wa saa moja na nusu au mbili. Njahi zisizoiva husumbua tumbo. Usizichemshe pamoja na mtama, maana maji yake meusi yataubadilisha rangi.

3. Chemsha mtama katika sufuria nyingine kwa muda wa saa moja hivi. Punje ziwe laini lakini zisipasuke. Chuja, kisha utandaze kwenye sinia upoe, ili usigandamane.

4. Menya boga, ulikate vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Vichanganye na vijiko viwili vya mafuta, vitunguu na chumvi. Vipange katika sufuria nzito bila maji. Weka sufuria juu ya makaa machache, funika, kisha weka makaa mengine juu ya kifuniko. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo, boga litaiva na kuwa la kahawia pembeni. Boga la kuokwa lina utamu ambao la kuchemsha halina.

5. Loweka matunda makavu katika maji moto kidogo kwa dakika kumi, uyachuje.

6. Changanya vyote kwa mwiko, polepole, boga lisipondeke. Nyunyizia maji ya ndimu na mafuta yaliyobaki, kisha karanga na dania.

Chakula hiki huliwa kikiwa vuguvugu au kikiwa kimepoa. Kwa hiyo chafaa kubebwa katika chombo chenye kifuniko, kikaliwe shambani saa sita mchana. Lakini kiliwe siku ile ile, kisilale. Kama huna mtama, tumia mahindi yaliyokobolewa. Kama huna njahi, maharagwe yafaa.

FAIDA KWA MWILI

Mtama hutoa nguvu ya kazi. Njahi hujenga mwili na huleta madini ya chuma kwa ajili ya damu. Boga la manjano lina vitamini A, ambayo hulinda macho ya watoto, na mafuta yale machache husaidia mwili kuipokea. Ndimu husaidia mwili kuchukua chuma iliyo katika njahi. Chai hufanya kinyume chake, basi usinywe chai pamoja na chakula hiki. Ngoja saa moja hivi. Mtoto mdogo apondewe boga, njahi na mtama, na karanga zake zisagwe, kwa sababu karanga nzima yaweza kumkaba.

Kazi hii si ya mama peke yake. Ni baba mara nyingi anayesema gunia lipi liuzwe, basi na aketi na mama wahesabu pamoja: nyumba ina watu wangapi, nao hula gorogoro ngapi kwa wiki, na kuna wiki ngapi mpaka mavuno yajayo. Hesabu hiyo ifanyike kabla lori halijafika. Fungu la nyumbani likishawekwa mahali pake, kavu na salama, kinachobaki kiuzwe kwa bei nzuri na kwa moyo mweupe.