Ramani Iliyo Kichwani mwa Makanga

Mgeni anayetaka kufika Bamburi kutoka kisiwani Mombasa haulizi ratiba. Anauliza mtu, naye anaambiwa: panda gari la Mtwapa, shuka Mtambo. Mtambo wenyewe ni kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954, na jina la steji limekaa kwa mazoea tu. Makanga anajua Kengeleni abiria wanajaa saa ngapi, Bombolulu pa kupunguza mwendo ni wapi, na nauli hupandaje wingu likitanda. Dereva anajua uchochoro wa kukatia barabara kuu ikishikana. Maelfu ya watu wa eneo hili la Kisauni husafirishwa kila siku kwa ujuzi huu wa kichwani.

Miji inayotaka kuitwa janja hukimbilia kamera, vihisi na taa za barabarani zinazojiongoza zenyewe. Kompyuta, hata iwe na nguvu kiasi gani, haiwezi kupanga usafiri wa mji usiojua magari yake yanapita wapi, wala kuzuia mafuriko katika mtaa ambao mitaro yake haikuhesabiwa. Kabla ya chombo chochote kununuliwa, sharti mtu atoke, aangalie, aulize, aandike. Katika Afrika Mashariki kazi hiyo imeangukia mara nyingi mikononi mwa wanafunzi wa vyuo.

Simu ndani ya matatu

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Nairobi. Kuanzia mwaka 2012, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu za jiji wakiwa na simu zinazorekodi njia. Mradi uliitwa Digital Matatus. Uliwakutanisha wataalamu wa kompyuta wa chuo hicho, wakiwemo Peter Waiganjo na Dan Orwa, pamoja na Sarah Williams wa MIT, Jacqueline Klopp wa Chuo Kikuu cha Columbia na kampuni ndogo iitwayo Groupshot. Kazi ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya: kaa kwenye gari tangu mwanzo wa njia hadi mwisho, na kila linaposimama uandike mahali na jina lake. Ilipokamilika, njia zaidi ya 130 zilikuwa zimenakiliwa.

Simu hujuaje iko wapi? Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikibeba saa ya atomiki na kutangaza bila kukoma mahali ilipo na wakati wake. Tangazo hilo husafiri kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, likafika chini kabla hata sehemu moja ya kumi ya sekunde haijapita. Simu hupima limechelewa kiasi gani, na kutokana na kuchelewa huko inapata umbali. Setilaiti tatu zingetosha kuonyesha mahali, lakini saa ya simu si ya kuaminika, ndiyo maana ya nne huhitajika ili kurekebisha wakati. Hesabu hii haina huruma: kosa la nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ni kosa la sentimita 30. Penye anga wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Katikati ya maghorofa ya Nairobi kosa huongezeka, kwa sababu ishara hugonga kuta na kuifikia simu kwa njia ndefu kuliko ile iliyonyooka.

Lakini setilaiti haijui kwa nini gari limesimama. Huenda ni steji. Huenda ni foleni, au polisi, au dereva ameingia kituo cha mafuta. Kwenye rekodi ya simu vituo hivi vyote hufanana: nukta isiyosonga. Mwanafunzi aliyekaa dirishani ndiye anayevitofautisha, na ndiye anayemsikia makanga akilitaja jina la mahali ambapo hapana kibao. Hiki ndicho kiini cha kazi yote, na hakuna setilaiti inayoweza kuifanya.

Ratiba ya gari lisilo na ratiba

Ugumu wa pili ulikuwa wa kuandika. Miji mingi duniani huandika data za usafiri kwa mtindo uitwao GTFS, uliozaliwa mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Google na shirika la usafiri la Portland, Marekani. Ni majedwali ya maandishi matupu: moja la vituo, moja la njia, moja la safari, jingine la saa za kufika kila kituo. Programu yoyote inayoufahamu mtindo huo inaweza kuyasoma majedwali na kumwambia abiria apande nini.

Mtindo huo ulitungwa kwa ajili ya mabasi yanayoondoka saa mbili na dakika saba kamili. Matatu huondoka ikijaa. Husimama popote abiria anapogonga bodi. Timu ya Nairobi ililazimika kuyanyoosha majedwali yaingie maisha halisi: mahali pa saa kamili waliweka makadirio ya muda, na wakajadiliana na watumiaji wa GTFS kwingineko kuhusu namna ya kuandika magari yanayopakia na kushusha njiani. Badala ya kulazimisha mji ufuate kompyuta, kompyuta ilifundishwa mji.

Januari 2014 ramani ilitolewa kwa umma, ikiwa na mistari ya rangi kama ile ya treni za chini ya ardhi za London. Mwaka 2015 njia hizo ziliingia kwenye Google Maps. Ramani pia ilifichua jambo ambalo kila abiria alilihisi bila kuliona kwa jumla: mistari karibu yote ilikimbilia katikati ya jiji, kiasi kwamba mtu wa mtaa mmoja wa pembeni aendaye mtaa mwingine wa pembeni alilazimika kuingia mjini kwanza.

Mitaro ya Dar es Salaam

Tanzania ilianza na maji. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi walichora ramani ya Tandale, na Desemba mwaka huo huo mafuriko makubwa yakaua makumi ya watu Dar es Salaam. Mwaka 2015 ukazaliwa mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi kuchora kata zinazofurika, na kila walichokichora kikawekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo huru kwa yeyote kuitumia.

Picha ya angani huonyesha mapaa, haionyeshi kalavati lililoziba chini ya barabara. Kwa hiyo wanafunzi waliifuata mitaro kwa miguu, wakipima upana na kina, wakiandika kama imejengwa kwa saruji au ni udongo mtupu, na wapi imejaa taka. Vipimo hivyo ndivyo mhandisi anavyovihitaji, kwa maana mtaro hubeba maji kwa uwezo wa sehemu yake iliyo nyembamba kuliko zote. Wakazi nao waliulizwa maji yalifika wapi mwaka ule wa mafuriko, na alama ya ukutani ikageuka kuwa kipimo cha kisayansi.

Zanzibar walipanda juu zaidi. Kuanzia mwaka 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walirusha droni pamoja na Kamisheni ya Ardhi, wakapiga picha Unguja na Pemba, na mpangaji wa serikali akapata picha mpya zenye uwazi ambao setilaiti za kawaida hazina.

Na Bamburi?

Kwa mkazi wa Bamburi, mambo haya si ya mbali. Novemba 2023 mvua za El Niño zilifurisha mitaa mingi ya Mombasa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, ng'ambo tu ya Daraja la Nyali. Magari ya njia ya Mtwapa yanaweza kurekodiwa kwa vifaa vile vile vya Nairobi, na mitaro kupimwa kwa utepe ule ule wa Dar es Salaam.

Ardhi yenyewe ina swali lake. Ukanda huu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ule ule unaochimbwa kwa saruji. Mwamba huo una vitundu vingi. Maji ya mvua huzama upesi, na ya vyoo vya shimo huzama pamoja nayo, huku upande wa pwani maji ya bahari yakinyemelea visima vinavyovutwa kupita kiasi. Kifaa kidogo cha mkononi kinachopima namna maji yanavyopitisha umeme kingetosha kuufuatilia mwendo wa chumvi, kwa sababu chumvi ikizidi, umeme hupita vizuri zaidi. Kipimo kimoja ni habari ya siku moja. Visima vile vile vikipimwa kila mwezi, kabla na baada ya masika, kaunti ingeona kama chumvi inasogea bara na kwa kasi gani.

Kazi ya namna hii ina adabu yake. Makanga akimwona kijana anaandika atadhani ametumwa na askari wa trafiki, na mwenye kisima atahofia kufungiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawalinda watu dhidi ya kukusanyiwa habari zao ovyo, na mwanafunzi anapaswa kuieleza kazi yake kabla ya kuwasha simu. Njia ya gari ni mali ya umma. Ni nani alishuka wapi, si kazi ya mwanafunzi.

Lakini adui mkubwa wa miradi hii ni mahafali. Mwanafunzi huhitimu, huondoka na kompyuta yake, na ramani huanza kuzeeka siku ile ile. Steji huhamishwa, barabara hupanuliwa, kalavati huziba upya. Baada ya miaka mitatu ramani nzuri inaweza kumpoteza mtu zaidi kuliko kutokuwa nayo kabisa, kwa kuwa anaiamini.

Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, kimelishughulikia tatizo hili tangu mwaka 2009 kwa kugeuza utaratibu: manispaa ndiyo inayoleta maswali yake, na walimu huyaingiza katika masomo ambayo yangefundishwa hata hivyo. Tanzania ilipata jibu lake katika Resilience Academy, ambamo vyuo vya Dar es Salaam, Ardhi, Sokoine na Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Turku cha Finland, viliifanya kazi ya kuchora ramani kuwa sehemu ya mafunzo ya vitendo. Wanafunzi huondoka, mafunzo hubaki, na kila mwaka kundi jipya huenda kupima. Dawa ya ramani inayozeeka imepatikana kwenye kalenda ya chuo, wala si kwenye programu mpya ya simu.

Kwa hiyo mkataba wowote kati ya chuo na kaunti ya Mombasa uanze na majina mawili kabla ya kutaja kifaa hata kimoja: ofisa mwenye swali analotaka lijibiwe, na ofisa atakayelifungua faili mwaka ujao wanafunzi wapya wakija. Bila jina la kwanza, vijana watapima wasichoombwa. Bila la pili, kaunti itakuwa imelipia mradi wa kuhitimu, basi.