Kwa nini mota za roboti huungua siku ya kwanza, na jinsi ya kuziokoa

Mei 2020, Rwanda ilipeleka roboti katika kituo cha kutibu wagonjwa wa Covid-19 cha Kanyinya, mjini Kigali, ili zipime joto la mwili na kuwapunguzia wahudumu wa afya hatari ya kuambukizwa. Roboti hizo, zilizopewa majina ya Kinyarwanda kama Akazuba na Ngabo, ziliagizwa kutoka kampuni ya Ubelgiji.

Vijana wa Kigali wanaotaka kuunda roboti zao wenyewe wana mahali pa kujifunzia, ikiwemo karakana ya FabLab Rwanda iliyofunguliwa mwaka 2016. Lakini wanaoanza hukabiliwa na mkasa uleule unaowapata wenzao kote duniani: roboti inawashwa, inatetemeka, kisha harufu ya plastiki iliyoungua inatanda chumbani. Katika nchi isiyo na bahari, ambako vipuri vya aina hii hutoka nje kwa sehemu kubwa, mota moja iliyoungua inaweza kusimamisha kazi nzima.

Servo ni nini?

Servo ni kijisanduku chenye mota ndogo, gia na kipimo kinachotambua pembe ya mhimili. Ndiyo inayokunja kiwiko au goti la roboti. Hupokea mpigo wa umeme takriban mara 50 kwa sekunde, na urefu wa mpigo ndio amri: milisekunde 1.5 humaanisha simama katikati, mfupi zaidi huipeleka upande mmoja, mrefu zaidi upande wa pili.

Servo haikati tamaa, na hapo ndipo hatari ilipo. Ikiamriwa kufika pembe isiyoweza kuifikia, itaendelea kusukuma bila kukoma.

Kwa nini huungua?

Mota inapozunguka huzalisha umeme unaopingana na ule unaoingia, hivyo mkondo hubaki mdogo. Ikizuiwa isizunguke, upinzani huo hutoweka na mkondo hupanda ghafla. Servo ndogo ya SG90, yenye uzito wa gramu 9, inaweza kukaribia ampea 0.7 ikikwama.

Joto nalo hupanda kwa kasi zaidi: mkondo ukiongezeka mara tatu, joto linalozalishwa ndani ya nyaya huongezeka mara tisa. Vanishi inayotenganisha nyaya za ndani huyeyuka, nyaya hugusana, na mota hufa.

Kuanzia katikati

Kosa la kawaida ni kufunga viungo vyote kwanza na kuwasha umeme baadaye. Kiungo kilichofungwa upande hugonga fremu kabla servo haijafika inakoelekezwa, na mota hukwama.

Utaratibu salama ni kuiwasha kila servo ikiwa peke yake, kuiamuru isimame katikati, ndipo mkono wake wa plastiki ubanwe juu ya mhimili. Baada ya hapo kiungo husogezwa kwa nyuzi chache chache hadi kinapokaribia kugusa fremu. Pembe hiyo, ikipunguzwa kidogo, huandikwa ndani ya programu kuwa mpaka usiovukwa.

Umeme wa kutosha, usiozidi

Servo nyingi ndogo zimeundwa kwa volti 4.8 hadi 6. Betri ya lithiamu yenye seli mbili hufikia volti 8.4 ikijaa, kwa hiyo huhitaji kifaa cha kupunguza volti.

Upungufu pia una madhara. Tundu la kawaida la USB la kompyuta hutoa takriban ampea 0.5, ilhali servo kadhaa zikisukuma pamoja huhitaji zaidi ya hapo. Ubao wa kudhibiti huzima na kuwaka tena, na servo huruka ovyo hadi kugonga fremu. Ni bora servo zipewe chanzo chao cha umeme, huku waya hasi wa chanzo hicho ukiunganishwa na ule wa ubao.

Mzigo usipite uwezo

SG90 ina nguvu ya takriban kilo 1.8 kwa sentimita. Maana yake, mkono wa sentimita 10 unaweza kuhimili gramu 180, lakini hapo mota iko ukingoni mwa kukwama. Gramu 60, yaani theluthi moja, ni kiwango salama zaidi. Urefu wa mkono ukiongezwa maradufu, uwezo huo hupungua kwa nusu.

Dalili za kuangalia

Mvumo usiokoma wakati roboti imesimama tuli ni ishara kwamba servo inapigana na kitu. Ikiwa kijisanduku ni cha moto kiasi cha kushindwa kukishika, umeme ukatwe mara moja, na kiungo kisilazimishwe kwa mkono. Ndiyo maana katika majaribio ya kwanza swichi huwekwa karibu na kidole, na roboti huinuliwa juu ya kibao ili miguu yake ielee hewani, isibebe uzito wowote.